Mlango Nilioubomoa kwa Ajili ya Shela

Miaka ishirini na tisa nimeshona mashela hapa Mpanda, na mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimemshonea bibi arusi aliyebadilisha bwana arusi wiki moja kabla ya ndoa. Gauni likabaki lile lile, tukapunguza urefu tu kwa sababu bwana mpya alikuwa mfupi na hakutaka viatu virefu. Nimebana kiuno cha shela Jumatatu, nikakilegeza Alhamisi, na sikuuliza kwa nini. Nimepimwa mimi kwa macho na mama wakwe wa kila kabila lililopo mkoa huu. Mwanamke akiingia dukani kwangu, kabla hajafika mezani nilikuwa nimeshajua atavaa nini, na saa nyingine atalia kwa sababu gani.

Sasa nimestaafu. Nina miaka hamsini na minne na mtu asiseme nimezeeka, miguu hii bado inaweza kukanyaga cherehani kutwa. Ni macho. Siku niliyojaribu kuingiza uzi kwenye sindano mara nne nikashindwa, nikasema basi. Duka nimemwachia Pendo, aliyekuwa fundi wangu miaka kumi na moja, pamoja na wasichana wawili wanaomsaidia. Ndio walioniomba niandike. Elimu yangu ni darasa la saba, shule ya Sibwesa, lakini sijaona msomi aliyekata satini mbele yangu akaimaliza salama. Habari za nani alilipwa nini siandiki, haziwafundishi kushona. Naandika kazi.

Nilitoka Sibwesa nikijua kushona magunia ya mpunga, basi. Niliyemkuta mjini ni Bibi Tausi, baba yake Mmanyema, mama yake Mkonongo, mjane mfupi aliyekuwa anashona kwenye baraza la duka la marehemu mume wake. Siku ya kwanza alinipa mkasi na magazeti ya zamani, akaniambia kata mikono ya gauni. Nikakata kwa mbwembwe, haraka haraka, nikampa. Akaiweka kwenye meza, akaipanga, akanitazama juu ya miwani.

"Sefu."

"Naam, bibi."

"Una mteja mwenye mikono miwili ya kulia?"

Wiki nzima nilikata magazeti. Nyie vijana siku hizi mnaanzia kwenye kitambaa cha mteja, ndiyo maana mnaomba radhi kila Jumamosi.

Bibi Tausi alikuwa na utaratibu wake. Bibi arusi akija, alimketisha kwenye kigoda, akampa maji, akamuuliza swali moja: "Mwanangu, siku hiyo unataka watu waone nini kwanza?" Wengine walisema kiuno, wengine shingo, wengine walinyamaza robo saa. Yeye anasubiri tu, anachambua nyuzi. Kisha ndipo anachukua futi ya kupimia. Mimi nilijifunza kwake kila kitu, ila hilo swali niliona linapoteza muda. Nilipofungua duka langu nikaliacha. Nilikuwa nasimulia tu dukani, kama kichekesho cha watu wa zamani.

Badala yake nilikuwa na hatua saba. Toka mlangoni kwangu mpaka kwenye meza ya kukatia ni hatua saba za mwanamke. Bibi arusi nilimwambia, "Usiseme kitu. Tembea." Akifika mezani nimeshamaliza. Futi nilichukua baadaye kwa ajili ya kumridhisha. Watu walitoka Inyonga kuja kutembea zile hatua saba, msione nasema mwenyewe.

Kioo changu kirefu kilikuja na treni toka Tabora, kimefungwa kwenye godoro. Nilikaa kituoni tangu asubuhi nikikisubiri kama ndugu. Mwanzoni nilikiegemeza kidogo ukutani, maana kioo kikilala nyuma kinamrefusha mtu na kumpunguza. Wateja walifurahi sana. Kisha zikaja picha za harusi, wakarudi na maneno. Nikakisimamisha wima na kukipigilia misumari, na kipo wima mpaka leo. Fundi anayemdanganya mteja dukani anampa mpiga picha kazi ya kumwambia ukweli.

Ukutani niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: HAPA BEI NI MOJA. NDUGU NA JIRANI TUSAMEHEANE. Hayo maandishi myakumbuke, nitayarudia.

Na chini ya meza ya kukatia alikuwepo Zuhura, binti yangu wa pekee. Mama yake alikuwa na genge la nyanya sokoni, kwa hiyo mtoto nilikaa naye mimi. Alikulia kwenye vipande vya lesi. Wateja walikuwa wanashtuka wakisikia sauti ndogo toka chini: "Huyu atavaa samaki."

Samaki ni lile shela linalobana mpaka magotini halafu linafunguka kama mkia. Mwavuli ni lile linalobana kiunoni halafu linalipuka pande zote, ndani neti ngumu na waya. La tatu dukani tuliliita kengele: linaanza chini ya kifua na kushuka taratibu, bila kubana popote wala kulipuka popote. Mengine yote mnayoona kwenye simu ni watoto wa hayo matatu.

Samaki ni la mwanamke mrefu, na mkia uanzie juu ya goti, si chini, la sivyo anatembea kama amefungwa kamba. Mwembamba asiye na nyonga mpe mwavuli, utampa nyonga asizozaliwa nazo. Mwenye tumbo usimwekee satini inayong'aa, satini ni mmbeya, inasema kila kitu. Mpe krepe, kitambaa kisichong'aa, na mshono ukae chini ya kifua. Mwenye mabega mapana mfungulie shingo ya V na umwongezee upana chini. Nilikuwa na binti mmoja wa Kapalamsenga, muuza migebuka, samaki wa ziwani, mabega yamejengwa na mabeseni tangu utotoni. Alikuja na shela la kukodi lenye mikono ya puto. Nikamwambia dada yangu, hayo maputo yatakupeleka ng'ambo ya ziwa peke yako. Nikaondoa mikono, nikashusha shingo, nikaweka sketi pana kidogo. Mume wake alipomwona ukumbini alisahau kupiga picha.

Na mwanamke mfupi, hasa mwenye nyonga, kamwe usimvalishe mwavuli. Kamwe. Mwavuli unamkata katikati, nusu ya chini inakuwa nyumba na nusu ya juu inakuwa mtu anayechungulia dirishani. Huyo ni wa kengele. Mistari ya lesi ishuke, isizunguke. Hilo nimelisema mbele ya wateja labda mara elfu, kwa sauti kubwa, na mtu akibisha nilimwonyesha mlango.

Lakini na mimi nimekosea, siwafichi. Alikuja binti wa Kisukuma, familia ya wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao, mrefu kama mlingoti. Alipiga hatua saba, nikasema samaki, na kweli lilimkaa kama maji. Siku ya kumuaga nilialikwa. Sasa kule kwao binti anapiga magoti mbele ya baba yake kupokea baraka, na baba hasemi neno mpaka magoti yaguse chini. Binti akainama. Gauni likakataa. Akajaribu upande upande. Likakataa. Wazee wakaanza kukohoa.

Shangazi yake akasema kwa sauti, "Hivi huyu mtoto ana kiburi au ana ugonjwa?"

Binti akafunga macho akashuka kwa nguvu, na mshono ukaachia toka gotini mpaka kwenye nyonga. Mlio wake naujua mpaka leo. Wanawake wakamzunguka na kanga, baba akatoa baraka akiwa ametazama juu kwenye turubai. Mimi nilitoroka kupitia nyuma ya jiko.

Toka siku hiyo kila bibi arusi wangu alipiga magoti dukani kabla hajachukua gauni. Na nikabuni mkunjo wa siri: nyuma ya goti unaweka mikunjo miwili imelaliana, akisimama haionekani, akipiga magoti inafunguka kama mlango. Huo mkunjo ni wangu. Mafundi wa mjini wamejaribu kuuiga, unawatokea kama mfuko.

Simu zilipokuja na picha, kazi ikabadilika. Binti anaingia hatazami kioo, anatazama kiganjani. "Fundi, nataka hili." Ananionyesha Mzungu mrefu hana tumbo amesimama ufukweni. Namwambia, "Gauni naweza. Huyo mwanamke tutampata wapi?" Walikuwa wananuna, halafu wanacheka, halafu wanatembea hatua saba.

Sasa nifike kwenye yenyewe.

Mwaka nilioamua kuacha kazi, Zuhura akachumbiwa. Yeye ni muuguzi, anakaa kule Misunkumilo, na kijana aliyemposa ni mfanyabiashara wa mchele, mtu mzuri, mwenye maneno machache. Nilimwambia mkwe, mambo mengine yote yako, shela ni juu yangu. Nikawatangazia wote sokoni: kazi yangu ya mwisho itakuwa shela la binti yangu, na baada ya hilo Mpanda watahesabu mashela upya.

Zuhura ni mfupi. Amemfuata mama yake, mfupi na nyonga zake. Mnaona ninapoelekea, na mimi sikuona.

Nikamshonea mwavuli.

Nilitaka mtu aliyekaa kiti cha mwisho ukumbini aone. Neti tabaka saba, waya mbili za kuzunguka, mkia wa mita nne, lesi niliyoagiza Dar. Miezi mitatu. Sikumtembeza hatua saba, ningemtembezaje mtoto niliyemfundisha kutembea? Sikumuuliza kitu, nilikuwa simuulizi mtu yeyote. Siku ya kupima alivaa, akasimama mbele ya kioo. Mke wangu alikuwepo, na Pendo alikuwepo na pini mdomoni.

"Piga magoti," nikamwambia.

Akapiga. Neti zikapanda pande zote, kikabaki kichwa.

Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, mtoto kama kifaranga kwenye pamba."

Nikasema, "Umeona eeh?" Nilidhani anasifia.

"Zuhura, unasemaje?"

"Umefanya kazi kubwa sana, baba."

Nikamgeukia Pendo. "Na wewe?"

Akatoa pini mdomoni, akazirudisha. "Mshono umenyooka, fundi."

Mimi mtu ambaye nasoma mwili wa mwanamke kwa hatua saba, nilisikia sentensi tatu hizo nikaona zote ni makofi. Mwezi huo huo nikamkabidhi Pendo duka, nikaenda nyumbani kusubiri harusi.

Kulikuwa na shida moja: mlango. Mwavuli ule haukupita mlango wa nyumba yangu. Nilipima mara mbili. Basi nikaita fundi mwashi, tukang'oa fremu, tukabomoa tofali upande mmoja, tukapanua mlango karibu mita nzima. Majirani walikuja kuuliza kama tunaingiza jokofu. Nikawaambia subirini Jumamosi, tunatoa kitu, hatuingizi. Wakaleta viti vyao siku yenyewe, wakakaa kuangalia mlango.

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa nje na kanzu mpya. Ndoa ilishafungwa msikitini, kilichobaki binti atoke, aombe radhi kwa wazazi, apelekwe ukumbini. Vigelegele vikaanza ndani. Nikawaambia watu, "Sogeeni, sogeeni, mtakanyaga mkia." Watu wakasogea.

Zuhura akatoka.

Alipita kwenye ule mlango wangu katikati, na kila upande pakabaki nafasi ya mtu mwingine kupita na baiskeli. Amevaa kengele. Krepe nyeupe, imeanza chini ya kifua imeshuka moja kwa moja, lesi mikononi tu, na ushungi umefungwa chini vizuri. Hakukuwa na mwavuli. Hakukuwa na mkia.

Jirani mmoja wa wale waliokuja na viti akaniinamia sikioni. "Fundi, jokofu liko wapi?"

Nitawaambia ukweli wa moyo wangu: kwa dakika moja nilitaka kuingia ndani nivue kanzu nilale. Mji mzima ulikuwa unasubiri kazi yangu, na binti yangu mwenyewe ameivua. Watasema nini? Watasema Sefu amekataliwa nyumbani kwake. Miaka ishirini na tisa inaishia kwenye tofali zilizobomolewa.

Lakini jicho la fundi halistaafu hata ukiliambia. Alikuwa anatembea kuja kwangu, na nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, tatu. Ilipofika ya saba niliona kwamba binti yangu ni mrefu. Mimi nimemlea, najua kichwa chake kinaishia wapi kifuani kwangu, na siku hiyo alikuwa mrefu. Uso wake ulifika kabla ya gauni. Wanawake hawakusema "shela zuri." Walisema, "Zuhura! Zuhura huyo!"

Akafika mbele yangu akapiga magoti. Alishuka bila kushika kitu, kama anakaa kwenye maji. Nyuma ya goti nikaona kitu kimefunguka, mikunjo miwili, kimya, kama mlango.

Nikajua ni mkono wa nani.

"Baba, nisamehe," akasema.

"Mwavuli wangu uko wapi?"

"Upo humu ndani, kitandani kwangu. Umejaa kitanda kizima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dukani kwako bibi arusi haongei, baba. Anatembea."

Mama yake akanikanyaga mguu nitoe radhi, watu wanasubiri. Nikatoa. Sauti ilikuwa inanikatika, na wale waliokuwa kwenye viti walidhani ni furaha ya baba. Walikuwa wamekosea kidogo tu.

Ukumbini nilikula vizuri. Nyama ya mkwe sikuisusia.

Jumatatu asubuhi nikaenda dukani. Nimejipanga, nina maneno ya kumtosha Pendo mpaka mchana. Alikuwa anakata, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani alikutuma?"

"Zuhura alikuja na mama yake, siku ya pili baada ya kupima, wewe ukiwa haupo. Alilia hapo kwenye kigoda. Alisema anaogopa kukuvunja moyo na anaogopa kuingia ukumbini na ile nyumba."

"Na wewe ukaona ujuzi wako umezidi wangu."

Hapo akaweka mkasi chini. "Fundi, nilimuuliza tu. Swali la yule Bibi Tausi wako, unalotuchekesha nalo. Nikamuuliza unataka watu waone nini kwanza. Akasema, wanione mimi kwanza, gauni baadaye. Sasa mfupi mwenye nyonga anayetaka aonekane yeye kwanza, mimi ningemvalisha nini? Wewe mwenyewe ungemwonyesha mlango kama angetaka mwavuli."

Wale wasichana wawili waligeukia ukutani, mabega yanacheka.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikaomba maji. Nilikaa pale kama robo saa na hakuna aliyeniharakisha, na nikaelewa kwa nini Bibi Tausi alikuwa anachambua nyuzi. Kisha nikamwambia Pendo alete mfano wa ule mkunjo wa nyuma ya goti, nikauangalia, nikamwambia wa kushoto umelala nusu inchi zaidi. Akasema atarekebisha. Ulikuwa umelala sawa, lakini na mimi lazima niondoke na kitu.

Basi hilo ndilo la kuwaachia, nyie mnaoendelea. Hatua saba zitunzeni, zinafanya kazi, ni zangu. Magoti, mkunjo, kioo wima, vyote vitunzeni. Ila kabla ya yote muulizeni mtu swali, halafu mnyamaze asubuhi nzima ikibidi. Mwavuli wangu haukupotea bure, wembamba na warefu wanaukodi kila Jumamosi mavuno yakishauzwa, na kila aliyeuvaa umempendeza. Nilishona kitu kizuri, nilikosea tu mtu wa kukivaa. Mlango nao nimeuacha vile vile. Nyumba inapata hewa.

Nilipoinuka kwenda zangu siku ile nikamwambia Pendo, "Haya, shela ni juu yangu, niliahidi mbele ya mkwe. Nikupe ngapi? Na ukumbuke nani alikufundisha."

Alinyanyua tu futi, akaielekeza ukutani, kwenye rangi nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe.

Nikalipa bei nzima, shilingi laki tatu na elfu themanini na tano.